Sahani Iliyokwenda na Watu wa Pembea

Jana, alasiri imeshaelemea magharibi, niligongewa mlango. Kufungua, namwona mtoto wa jirani yangu wa ghorofa ya juu, bado ana jezi yake ya mpira, mkononi ameshika kile chombo chepesi cha bati, hiki kinachouzwa dukani cha kutumia mara moja. Ndani mna sambusa, zingali moto. "Mamangu anakusalimu," akasema, "na amesema chombo usirudishe. Tupa tu." Kabla sijamwuliza hata hali ya mamake, keshapanda ngazi mbio.

Si kwamba nalalamika, la. Yule mama ni mwema, sambusa zake zina nyama ya kutosha, na Mungu amzidishie. Lakini wewe unanijua, unajua nilivyolelewa. Kuambiwa nisirudishe chombo cha watu, kwangu mimi ni sawa na kuambiwa tumemalizana. Nilifuturu peke yangu mezani huku nakitazama kile chombo, na nilipomaliza nikakiosha, nikakikausha, nikakiweka kabatini juu ya sahani za nyanyangu. Mtu mzima na akili zake, anaosha kitu cha kutupwa! Basi ndipo yote yakanirudia, nami nikaona bora nikusimulie wewe, maana wengine nikiwasimulia huniambia nimeanza kuzeeka.

Sahani zenyewe ni za kauri, nyeupe, ukingo wa kijani na waridi jekundu katikati. Nyanya aliingia nazo nyumbani kwa mumewe alipoolewa, sita kamili, na mwaka mzima zilikaa kabatini hazigusiki. Mgeni aje na heshima zake zote, atakula kwenye sahani za kawaida. Zile za waridi zilitoka Ramadhani tu, kwa ajili ya kupelekea majirani futari, na aliyezibeba alikuwa mimi.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho mkokoteni ukipita lazima ujibanze ukutani. Mbele yetu palikuwa na gofu, yaani nyumba iliyoangushwa na mvua za masika kabla sijazaliwa, ikabaki kuta mbili na kiwanja cha majani na paka. Tulikuwa wawili ndani, mimi na nyanya. Mamangu alikwenda Uarabuni kufanya kazi katika nyumba za watu nikiwa sijaota meno ya pili, na babangu alikuwa ameoa Malindi na kuzaa huko. Nisikufiche, nilikuwa mpweke. Watoto wa mtaa sikugombana nao, tulicheza vizuri, lakini jua likishuka kila mmoja aliitwa na ndugu yake. Mimi niliitwa na mwiko. Nyanya alikuwa akiugonga kwenye chuma cha dirisha, ko ko ko, nami nikaingia ndani, mlango ukafungwa.

Ndiyo maana Ramadhani niliipenda. Chuo kikishatoka, yaani kwa mwalimu wetu wa Kurani, nilikimbia nyumbani nikakuta jikoni hapakaliki. Mafuta yanachemka, iliki inatwangwa, nyanya yuko juu ya mbuzi anakuna nazi ya viazi, na jasho linamtiririka shingoni. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza kaimati ndani ya shira, moja moja, zisishikane, na tumbo langu linaguruma kwa saumu. Kisha nyanya alijaza sahani, akaifunika kwa kawa, akanipa wasia uleule wa kila siku: "Piga hodi, toa, urudi. Usichungulie nyumba za watu."

Nilichungulia, tena sana. Kila mlango ulikuwa na nyumba ya watu ndani yake. Hapa dada anamsuka mdogo wake, pale redio inasoma mawaidha, kwingine wanagombania tende ya kwanza. Nilisimama kizingitini wakati wanahamisha chakula chetu katika chombo chao, na dakika hizo chache nilikuwa mmoja wao. Sahani ikienda na kitu hurudi na kitu, hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Kama si leo, kesho. Mtu akiwa hana, huweka ndimu, au sukari kidogo ndani ya kipande cha karatasi. Tupu, hapana. Kumrudishia mtu sahani tupu ilikuwa ni kumwambia humtaki.

Mwaka ninaokusimulia, Ramadhani ilikuwa katika kumi la kati. Asubuhi nilisikia vyuma vinagongana nje, nikapanda kitandani nikachungulia dirishani. Mikokoteni ilikuwa imejaa kichochoro kizima. Wanaume walikuwa wakishusha mabomba ya chuma, visanduku vya kukalia vilivyopakwa rangi, na farasi. Farasi wa mbao! Walilazwa ubavu ndani ya gofu, mmoja juu ya mwingine, na macho yao makubwa yote yakawa yananitazama mimi.

Walikuwa watu wa pembea, wale waliokuwa wakizunguka pwani nzima na sikukuu, leo Lamu, kesho Malindi, mara Msambweni. Kila Idd waliifunga pembea yao uwanja wa Makadara, wakaisukuma kwa mikono siku za sikukuu, kisha wakatoweka. Mwaka ule walikuja mapema na uwanja haujafunguliwa, basi mzee wa mtaa akawaruhusu wakae kwenye gofu mpaka Idd. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamefunga maturubai kwenye zile kuta mbili, wametandika mikeka na kuanika nguo. Mahali pa paka pakawa na watu.

Jirani wetu wa mlango wa pili hakungoja. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mkarimu, mpishi hodari, ila ulimi wake haukujua kupumzika. Alisimama mlangoni petu mikono kiunoni. "Bi mkubwa, umewaona? Watu hawana kwao! Leo wako, kesho hawako, na kamba yako ya nguo haina kitu. Funga madirisha."

Nyanya alikuwa akiupiga unga wa kaimati, hakuinua hata uso. "Wametandika mikeka mbele ya mlango wangu. Wakikaa siku moja, ni majirani wa siku moja."

"Majirani! Haya, wapikie biriani basi."

"Biriani sina. Kaimati ninazo."

Akaitoa sahani ya waridi, akaijaza, akaifunika. Jirani akatazama, akasonya, akaenda zake. Mimi nikavuka kichochoro.

Mama wa pembea alikuwa mwembamba, mrefu, kanga zake zimepauka, na vidole vyote vina rangi nyeupe kwa sababu walikuwa wakiwapaka farasi upya. Aliifuta mikono kwanza, akaipokea sahani kwa mikono miwili. Alipoinua kawa akaona ukingo wa kijani chini ya kaimati, akanitazama. "Hii si sahani ya kila siku," akasema. "Mwambie nyanyako nimeipokea, na itarudi." Nyuma yake alikuwepo msichana wa umri wangu, ana mabutu matatu kichwani na moja limeingia rangi.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukituchungulia dirishani?" akaniuliza.

"Sikuchungulia."

"Ulichungulia. Nimekuona tangu asubuhi." Akacheka, nami nikacheka. Mpaka leo sijui nilichekea nini.

Kesho yake akaja na sahani kichwani, haijashikwa na mkono. Nyanya alipiga ukelele. "Lo! Mtoto wewe, wanivunjia sahani yangu!"

"Haivunjiki, nyanya. Nabeba farasi miye, sahani n'nini?"

Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Ndani ya sahani mlikuwa na mabuyu mekundu. Basi tangu siku hiyo sahani ikawa inakwenda na kurudi, na kila ikirudi inaleta kitu cha njiani: ukwaju, korosho, siku moja asali ndani ya kikombe. Jirani alishika kidevu. "Umekula vitu vya watu wale?" Nyanya akamjibu, "Nimekula, na leo nimefunga nikiwa na nguvu kushinda jana."

Na mimi nikapata mwenzangu. Sitakutajia jina lake, maana mimi nilimwita mwenzangu, naye akaniita hivyohivyo, yakatutosha. Alasiri tulipanda farasi waliolala, tukajifanya tunakwenda Malindi. Alinionyesha jinsi ya kuyapaka macho ya farasi bila rangi kuchuruzika. Alinihadithia njia zote, wapi kuna visima vya maji matamu na wapi mbwa wabaya. Mimi nilimwonyesha ufunguo wa mlango wetu, ule mkubwa wa chuma, akaushika muda mrefu, maana yeye hajapata kulala nyuma ya mlango wenye ufunguo. Siku moja akanambia, "Tukifika mahali watoto hunipenda sana. Pembea ikifunguliwa na kupakiwa, hawanijui tena." Alisema vile kama anavyosema mtu kuwa leo kuna jua.

Nami nikamweleza jambo ambalo sikupata kumweleza mtu. Pembea ya farasi ilikuwa inapandwa wawili wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, ndipo ikae sawa. Watoto wote walipanda na ndugu zao. Mimi nilikwenda na nyanya, na nyanya magoti yalimsumbua, alikaa langoni. Basi kila Idd yule msukumaji alinisimamisha kando, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Nani hana mwenzake? Nani hana mwenzake?" Mpaka apatikane mtoto wa watu nisiyemjua, tuwekwe pamoja bila kusemezana. Wallahi, fedheha ile ilikuwa ikinitoa raha ya nguo mpya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Msukumaji ni amu yangu," akasema. "Lakini mwaka huu hataita. Asubuhi ya Idd watu wakitoka kusali nitakuja kukuchukua mlangoni kwenu. Utapanda na mimi, yule mweupe." Yule mweupe alikuwa hana sikio moja, naye ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote. "Na nyanya?" "Nyanya nitamtafutia kiti." Basi ikawa imekwisha. Mwaka ule sikuingoja Idd kwa sababu ya nguo wala halua. Niliingoja kwa sababu mtu alikuwa anakuja kunichukua.

Kumi la mwisho likaingia, na mambo yakaharibika. Kwanza ikaja habari kwamba Makadara mwaka ule wamepewa watu wengine kutoka bara, wenye mashine za umeme, taa na muziki. Wanaume wa pembea walikaa juu ya visanduku vyao siku nzima. Kisha doti ya jirani ikapotea. Doti mpya ya kanga, ameinunua Biashara Street kwa ajili ya Idd, ameifua kidogo ipungue ugumu, ameianika juu ya paa. Haipo. Hakuuliza mtu. Alishuka moja kwa moja mpaka mbele ya gofu akapiga kelele, na mtaa mzima ukatoka.

Mama wa pembea alisogea mbele. Alifungua mabunda yake yote mbele za watu, moja moja, akakung'uta kila nguo. Mwenzangu alisimama kando na uso ameuelekeza ukutani. Hakuna kanga iliyoonekana, lakini watu walipoondoka hawakuomba radhi, walisema tu wameificha vizuri.

Mzee wa mtaa akaja kesho yake kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Ati mwenye gofu anataka mahali pake. Nyanya alitoka barazani, ushungi umemlegea. "Zimebaki siku ngapi hizi? Waacheni wasali Idd na sisi, kisha waende."

"Bi mkubwa, mimi sina neno nao. Watu ndio hawataki."

"Na mimi si watu?"

Mzee akaaga, akaondoka. Magharibi ile nyanya alijaza sahani mpaka shira ikafurika ukingoni. Niliipeleka. Maturubai yalikuwa yamefunguliwa, mabunda yamefungwa kamba. Mama wa pembea aliipokea kwa mikono miwili kama siku ya kwanza, akatazama huku na huku, hana hata tende ya kuitia. "Mwambie nyanyako Mungu amlipe," akasema. "Sahani itarudi. Leo sina cha kutia." Mwenzangu alinisindikiza mpaka katikati ya kichochoro. "Idd nitakuja," akaninong'oneza. "Popote tutakapokuwa."

Kesho yake nilipotoka chuoni gofu lilikuwa tupu. Mafiga, majivu, na doa la rangi nyeupe juu ya udongo. Walisema wamehamia Kibarani, ng'ambo ile karibu na daraja, kando ya jaa la taka la wakati ule, maana huko hakuna wa kuwafukuza. Jirani alikuwa keshafika barazani kwetu. "Haya, bi mkubwa. Sahani yako ya arusi iko wapi?"

"Iko njiani," nyanya akasema.

"Njia ya wapi?"

"Hawawezi kuirudisha tupu. Waache wapate cha kutia." Wanawake waliokuwepo walicheka mpaka wakashikana mikono. Nyanya aliingia ndani, akazipanga sahani tano kabatini, akaacha nafasi ya ile ya sita.

Siku ya Idd nilikoga kabla ya takbira kuanza, nikavaa, nikakaa barazani. Watu walikwenda kusali, wakarudi. Watoto walipita wawili wawili, watatu watatu, wamefukizwa udi, wanaitana. Kila aliyekata kona nilidhani ni yeye. Nyanya alikaa nami, amevaa buibui lake tayari, hanihimizi. Hatimaye akasema, "Twende, mwanangu. Pengine yuko Makadara anatungoja." Nadhani alisema vile ili niache kuitazama ile kona.

Makadara mashine ya umeme ilikuwa inazunguka na taa zake mchana mchana, muziki unapasua masikio. Nilitafuta mabutu matatu katika watoto wote wale. Kijana wa mashine akaniona nimesimama peke yangu, akainua mkono, akaita: "Nani hana mwenzake?" Nikajificha nyuma ya buibui la nyanya, nikamwambia turudi. Tulirudi alasiri bila mimi kupanda chochote. Barazani hapakuwa na mtu, na mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Nililia mapajani mwa nyanya na nguo yangu mpya, nikasema amenidanganya. "Mtu akichelewa," nyanya akasema, "hajadanganya." Lakini naye sauti yake ilikuwa haina nguvu.

Miaka ikapita. Mtaani kwetu kitu kikichelewa watu walisema ni sahani ya pembea. Fundi akichelewesha nguo, sahani ya pembea. Mume hajatuma habari, sahani ya pembea. Nyanya alisikia na kucheka nao, ila ile nafasi kabatini hakuitia hata kikombe. Aliyekuwa hacheki alikuwa jirani. Tangu Idd ile hakuitaja sahani tena, na akawa anatuletea vitu kupita kawaida, mkate wa sinia, tambi, samaki wa kupaka, daima ndani ya vyombo vyake, na mara nyingi alivisahau kwetu makusudi. Doti yake ilionekana, imeangukia nyuma ya tangi la maji juu ya paa lake mwenyewe, na nyanya alidhani hiyo ndiyo aibu inayomla.

Nyanya alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Mamangu alikuja kuzika, akakaa kidogo, akarudi kazini kwake Uarabuni. Nyumba ikauzwa, ikawa ya kulaza watalii, na barazani wakaweka vyungu vya maua. Nilichukua sahani zangu tano nikahamia hapa Tudor, ghorofani, ambapo unaweza kukaa mwaka usijue jina la mtu mliyepakana ukuta.

Ramadhani ya mwaka jana, jirani yetu wa zamani akaniagizia niende kwake, palepale mlango wa pili. Nilimkuta amekonda, macho hayaoni vizuri, wanawe wote wako ng'ambo, na msichana wa kazi ametoka kwenda dukani. Juu ya meza kando ya kitanda palikuwa na kawa. "Ndoo hapa," akaniita, akanivuta mkono. "Funua."

Nikafunua. Ukingo wa kijani. Ndani kaimati, nyingine duara, nyingine hazieleweki, zimeungua upande. Nikakaa kitandani pake.

"Nimezipika mwenyewe," akasema. "Macho hayaoni, mwanangu, zimeniungulia. Ile Idd, mlipotoka tu wewe na nyanyako, yule mtoto akaja. Miguu vumbi mpaka magotini, ametembea tangu Kibarani, sahani kichwani. Akagonga kwenu. Hakuna mtu. Akakaa barazani. Nilikuwa dirishani, nilimwona."

"Alikaa sana?"

"Mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Ndipo akaja mlangoni kwangu. Akasema, 'Mwambie mwenzangu nilikuja.' Akaniachia sahani."

Nikamwuliza ilikuwa na nini, ingawa nilikuwa nakaribia kujua.

"Kaimati. Mbaya, hazina umbo, zimeungua kama hizi. Alisema amezipika yeye, amejifunza kwa kuzila za nyanyako. Nami nikasema, vitu vya jaani hivi, nikawamwagia kuku." Akajifunika uso kwa ushungi. "Kisha nikabaki na sahani mkononi. Nitairudisha vipi tupu? Na nikiitia changu, nyanyako ataniuliza, wao walitia nini? Nikasema kesho. Jioni ileile nikapanda juu, nikaiona doti yangu nyuma ya tangi. Hapo nikashindwa kabisa. Ikawa kesho, na kesho."

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilitaka kupiga kelele mpaka wale watalii wa iliyokuwa nyumba yetu watoke. "Nyanya amekufa akiingoja," nikamwambia.

"Najua. Nilimwosha mimi. Na hata hapo nilishindwa kumwambia."

Nilitaka kuondoka, lakini magharibi ilikuwa imefika na yule mwanamke alikuwa peke yake. Adhana ikaadhiniwa. Tukafuturu kwa zile kaimati, mimi na yeye. Zilikuwa chungu kwa kuungua. Nilizila zote.

Sasa sahani zangu zimetimia sita, na sina mlango wa kuzipelekea. Pale palipokuwa na gofu wamejenga ghorofa, chini wanauza vinyago kwa wageni wanaotoka Ngome ya Yesu. Watu wa pembea sijawaona tena Idd hata moja, wala simjui wa kumwuliza, na hata ningemjua ningesemaje, natafuta msichana wa mabutu matatu? Vyombo siku hizi havina kwenda na kurudi. Ila kile cha jana nimekiweka, na kesho nitakitia kaimati nikipandishe juu. Yule mtoto wa jezi atanicheka, na acheke.

Lakini nilichotaka kukwambia ni Idd ya mwaka jana. Nilikoga mapema, nikavaa nguo mpya, nikateremka Mji wa Kale. Nikasogeza vyungu vya maua vya watu, nikakaa barazani kwetu, upande unaotazama kona. Bawabu wa nyumba akatoka, kijana mwenye adabu, akanipa mkono wa Idd.

"Unamngoja nani, mama?"

"Mwenzangu."

"Atakuja saa ngapi?"

"Alishakuja," nikamwambia, nami nikakaa pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.